Uliza Fundi: Kabla Hujalipia Risiva, Msikilize Mtu Anayenong'ona

Barua za risiva zimekuwa nyingi tangu sikukuu zipite. Simaanishi risiva ya dishi. Namaanisha ile mashine inayokaa chini ya televisheni, ikapokea sauti ya filamu na kuigawa kwa spika za mbele, spika ya kati, za nyuma na sabufa. Wengi wenu mnauliza ipi ina nguvu zaidi. Mimi nimekulia kwenye banda la baba la kutengeneza redio, Ngamiani, Tanga, na kazi hiyohiyo ndiyo ninayoifanya leo Ilala. Nawaomba muanze na swali jingine: mtu akinong'ona kwenye filamu, nanyi mmekaa kwenye kochi lenu, mnasikia anachosema? Mashine isiyoweza hilo msiichukue, hata boksi lake liandikwe nini.

Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mbezi, Dar es Salaam. Sebule yangu ni mita tano kwa nne, chini tailizi, juu jipsamu, televisheni inchi 55. Kariakoo nimeonyeshwa vitu vitatu. Cha kwanza ni seti mpya ya hom thieta yenye spika zake zote, boksi linasema wati 1000. Cha pili ni risiva mpya bila spika, Denon AVR-X1700H, ambayo karatasi yake inasema wati 80. Cha tatu ni risiva iliyotumika kutoka Japani, nzito sana, muuzaji anasema ni wati 150 kwa kila spika. Naona wati 80 ni kidogo mno kwa bei ile. Nisaidie nisitupe akiba yangu.
*Mwalimu, Mbezi*

Marahaba, mwalimu. Tuanze na hizo wati, maana ndizo zinazokutoa kwenye njia.

Wati hupimwa kwa masharti, na anayeandika boksi ndiye anayechagua masharti. Pembeni ya namba tafuta mambo manne: spika ngapi zilikuwa zinapigwa kwa pamoja, za omu ngapi (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), kwa masafa gani ya sauti (toka besi hadi mlio mwembamba, yanahesabiwa kwa hezi), na sauti iliachwa iharibike kwa asilimia ngapi. Denon uliyoonyeshwa inasema wati 80 kwa omu 8, spika mbili zikipigwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, upotofu asilimia 0.08. Masharti hayo ni magumu, na namba inayotoka humo unaweza kuiamini.

Sasa chukua Yamaha RX-V385, risiva ya heshima nayo. Kwenye karatasi zake utakuta wati 70, na ukishuka mistari michache utakuta wati 135. Mashine ni ileile. Ile 70 ni ya spika mbili za omu 6, masafa yote, upotofu asilimia 0.09. Ile 135 ni ya mlio mmoja tu wa hezi 1,000, spika moja, na sauti imeachwa iharibike hadi asilimia 10. Kwa upotofu wa asilimia 10 sauti inakwaruza, huwezi kuikalia filamu nzima. Kampuni imeziandika zote mbili wazi, lakini dukani utatajiwa ile kubwa. Wamarekani walilishughulikia jambo hili zamani: tangu 1974 wana kanuni inayowabana wauzaji wa amplifaya kuhusu namna ya kutangaza wati, na mwaka 2024 waliikaza, kipimo sasa kiwe cha omu 8, hezi 20 hadi 20,000, upotofu usiofika asilimia moja. Ukiwa dukani Kariakoo omba kuonyeshwa kipimo cha aina hiyo. Na ukikuta herufi PMPO, yaani kilele cha kitambo kidogo kisicho na masharti, zimekaa pembeni ya namba, namba hiyo usiihesabu kabisa.

Ile seti ya wati 1000, mwombe muuzaji aigeuze. Nyuma kuna bamba dogo linaloeleza mashine inakula umeme kiasi gani. Hom thieta nyingi za "wati 1000" zinazofika mezani kwangu, bamba linasema chini ya wati 200. Mashine haiwezi kutoa saa nzima nguvu isiyoingia kwenye waya wake. Kwa haki niseme kwamba namba ya bamba hupimwa mashine ikipiga kwa kiasi, si kwa nguvu zake zote, kwa hiyo usiichukue kama mpaka wa mwisho. Lakini ukikuta 1000 mbele na 130 nyuma, unajua uzungumze vipi na mtu huyo. Risiva za kawaida za chaneli saba bamba lake huwa wati 400 hadi 500 hivi.

Baki na jambo moja zaidi kuhusu wati, kisha tuziache. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) tatu tu, na sikio linalitambua ongezeko hilo kwa shida. Ili usikie sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya wati 80 na 150, hata kama zote ni za kweli, haifiki desibeli tatu. Spika nzuri ya kawaida, yenye desibeli 88 kwa wati moja, ukikaa mita tatu kutoka ilipo inakupa karibu desibeli 80 kwa wati hiyo moja, na mtu anayezungumza nawe ana desibeli 60 tu. Muda mwingi wa filamu risiva yako itatumia wati chache sana. Zilizobaki ni akiba ya mlango unaobamizwa au mlipuko, na 80 za kweli zinatosha sebule ya mita tano kwa nne na kubaki.

Basi utapima nini? Sauti ya mtu.

Chukua filamu unayoijua vizuri, ile ambayo unakumbuka maneno. Chagua sehemu watu wanaongea kwa chini, mvua inanyesha nyuma yao au gari linapita. Weka sauti ndogo, ya saa nne usiku watoto wamelala. Je, unasikia herufi za mwisho za maneno? Je, sauti ya mwanamke inatoka kinywani mwake kwenye kioo, au inatoka chini ya meza? Mwongoze muuzaji azime spika nyingine zote abaki na ya kati pekee, na sikiliza tena. Katika filamu za spika sita, sehemu kubwa ya mazungumzo hupita kwenye spika ya kati, na hapo ndipo seti za bei nafuu zinapoanguka: spika ya kati ni kikopo kidogo cha plastiki, sauti ya mwanamume inatoka kama ya mtu mwenye mafua. Muuzaji atataka kukuonyesha mlipuko na sabufa inayotikisa kabati la vioo. Mwache aonyeshe, kisha rudi kwenye mazungumzo.

Halafu ipandishe sauti hadi kiwango ambacho wewe mwenyewe ungeangalia Jumamosi usiku, kisha ikae hivyo nusu saa. Nenda kanywe soda urudi. Gusa juu ya mashine. Joto ni la kawaida, lakini kama huwezi kuacha kiganja pale, au imejizima na kuandika PROTECT, umeshajibiwa. Sikiliza pia ikiwa imetulia, hakuna kinachopigwa, sikio lako karibu na spika: mvumo mdogo si tatizo, muungurumo wa kudumu ni tatizo.

Kwa ile iliyotumika yapo ya ziada. Ndani ya menyu kuna mlio wa majaribio unaozunguka spika moja moja, uzungushe wote. Punguza sauti iwe ndogo kabisa kisha sikiliza kila spika. Ikiwa spika moja iko kimya sauti ikiwa ndogo, halafu ukipandisha inazinduka ghafla, swichi ya ndani inayounganisha spika imechakaa. Inatengenezeka, ila bei ishuke. Chomeka waya wa HDMI kwenye kila tundu, moja baada ya jingine, kwa sababu risiva nyingi za mitumba zinauzwa kwa sababu tundu za HDMI zimekufa huku amplifaya ikiwa nzima. Kama umeenda na fundi mwenye mita, apime volti za DC kwenye vituo vya spika, mashine ikiwa imewaka na spika hazijafungwa: zikizidi milivolti 50 hivi, aangalie kwa makini kabla hujatoa hela. Uliza rimoti yake ya asili, na kile kipaza sauti kidogo cha kupimia chumba, maana cha kampuni nyingine hakipimi sawasawa. Na kwa kuwa inatoka Japani, soma jibu linalofuata, lile la Nairobi, kabla hujaruhusu mtu aichomeke kwenye umeme wetu.

Uamuzi wangu, mwalimu: Denon, lakini usimalize hela kwayo. Angalau nusu ya akiba yako iende kwenye spika. Kama hazitoshi kununua spika zote, nunua tatu nzuri, mbili za mbele na ya kati, uiambie risiva kwenye menyu kwamba za nyuma na sabufa hazipo. Itajipanga yenyewe. Sabufa ije baadaye, za nyuma zije mwisho. Spika tatu nzuri zitakufurahisha kuliko sita dhaifu, nalisema hili kwa moyo wangu wote kwa sababu kila wiki naona watu wakifanya kinyume.

Na sebule yako. Tailizi chini, jipsamu juu, kuta za tofali, madirisha ya aluminiamu: piga makofi mara moja katikati ya chumba usikie kinachorudi. Mwangwi huo ndio utakaomeza maneno ya filamu, na hakuna risiva ya kuuondoa. Weka zulia nene kati ya kochi na televisheni, pazia zito upande wa dirisha, rafu ya vitabu ukuta wa nyuma. Mwalimu hakosi vitabu. Spika mbili za mbele ziachane kwa umbali uleule ulio nao wewe kutoka kwao, mkaunda pembetatu ya pande sawa. Kisha fanya ule upimaji wa kipaza sauti: kikae usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, zima feni, funga madirisha, watoto wawe nje. Mashine ikimaliza, ingia kwenye menyu uhakikishe spika ndogo zimeandikwa Small na mkato, yaani mahali besi inapokabidhiwa sabufa, uko hezi 80. Mara nyingi upimaji huziita Large spika ambazo haziwezi kubeba besi, na hapo sauti nzima inachafuka.

Hujambo Fundi. Kaka yangu amerudi kutoka Minnesota akaniletea risiva yake ya zamani, bado safi. Nyuma imeandikwa AC 120V, 60Hz, 400W. Jirani hapa Embakasi ananiambia niichomeke tu kwa stima, eti ikizidiwa fyuzi itakatika na kitu hakitaharibika. Pia inaonekana haina pahali pa kuandikwa ARC. Bado ni ya maana?
*Msomaji, Nairobi*

Sijambo. Usiichomeke. Stima ya Kenya ni volti 240, mara mbili ya ile mashine inayoitaka. Fyuzi inaweza kukatika, ndiyo, lakini kile kitransfoma kidogo kinachoiweka mashine macho ikisubiri rimoti huwa kimeshaumia, na pengine kapasita nazo. Mashine za aina hiyo nimezipokea zikiwa na harufu, na wenyewe wamesimama mlangoni wakisubiri niwaambie ni kitu kidogo.

Kwanza angalia nyuma kama kuna kiswichi cha kubadili volti. Matoleo machache yanayouzwa nchi nyingi huwa nacho. Yanayouzwa Marekani pekee kwa kawaida hayana. Kama hakipo, nunua transfoma ya kushusha, ya 240 kwenda 110 au 120. Ukubwa wake usiwe sawa na bamba. Chukua mara mbili au zaidi, kwa hiyo kwa wati 400 tafuta ya 1000. Inyanyue kwa mkono kabla ya kulipa. Transfoma ya wati 1000 ya kweli ni nzito, ndani ni chuma na shaba, na ukiiinua kama mkate basi namba yake ni ya karatasi. Mashine ya hezi 60 ikifanya kazi kwa hezi 50 zetu, chuma cha transfoma yake ya ndani hupata joto zaidi kidogo. Iache ipumue, usiifungie kabatini, usiipangie king'amuzi juu yake. Weka na gadi ya friji ukutani kabla ya transfoma, ile inayosubiri dakika chache stima ikirudi ndipo ifungue, maana kishindo cha stima kurudi ndicho kinachoua nyingi. Usiku zima yote ukutani. Transfoma inakula stima hata risiva ikilala.

Mwalimu wa Mbezi, yako ya Japani ni ya volti 100, si 110. Transfoma ya kawaida ya 110, kwenye ukuta wenye umeme wa juu kidogo, itakupa hata 115. Hiyo ni ziada ya asilimia 15 kila siku. Tafuta iliyoandikwa 100.

Redio hukuuliza, lakini utaikuta. Risiva ya Marekani huruka vituo kwa hatua za 0.2, na huishia kwenye namba witiri: 98.3, kisha 98.5. Capital FM yenu iko 98.4, utaishika pembeni, ina mchakacho. Baadhi ya mashine zina njia ya kubadili hatua ziwe 0.05 kwa kubonyeza vitufe viwili wakati wa kuwasha. Kitabu chake kitasema. Ya Kijapani ni mbaya zaidi kwa redio, masafa yao yanaanzia 76 na ya zamani yanaishia 90.

Kuhusu ARC, ile njia ya televisheni kurudisha sauti kwenye risiva kwa waya wa HDMI: iliingia na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo risiva yako pengine ni ya kabla ya hapo, au ni toleo lililoikosa. Haijafa. Chomeka king'amuzi na vifaa vingine vyote moja kwa moja kwenye televisheni, picha ibaki huko, kisha toa sauti kwenye televisheni kwa ule waya mwembamba wa mwanga kwenda tundu la OPTICAL la risiva. Waya huo unabeba sauti ya spika sita ya Dolby Digital bila shida. Ingia kwenye mpangilio wa sauti wa televisheni, ondoa PCM uweke Dolby Digital au Bitstream, la sivyo utapata spika mbili tu na utailaumu risiva bure. Watu wengi wananunua risiva mpya kwa ajili ya picha ya 4K wakati televisheni yao ingeweza kuibeba hiyo picha peke yake. Ya kaka yako ni ya maana, itunze.

Assalaam aleikum Bi Fundi. Hom thieta yangu imekufa mashine, lakini spika zake tano na sabufa ni nzima. Nimepata risiva ya mtumba kwa bei nzuri. Naweza kuzifunga hizo spika kwayo nikate zile plagi zake za rangi?
*Baba wa mapacha, Kisauni, Mombasa*

Waaleikum salaam, baba. Kabla hujashika kisu, geuza spika moja usome nyuma yake. Hom thieta nyingi hutumia spika za omu 3 au 4. Kisha soma nyuma ya risiva, karibu na vituo vya spika, imeandikwa inataka kuanzia omu ngapi. Mara nyingi ni 6, nyingine 4. Omu zikiwa chache, spika inavuta mkondo mwingi zaidi. Risiva inapata joto, inajizima, na ukiendelea kuilazimisha inaungua. Kama spika ni 4 na risiva inakubali 4, endelea. Kama spika ni 3 na risiva inataka 6, nakushauri usifanye, hata kama rafiki yako anazo na zinalia. Zinalia kwa sauti ndogo. Siku ya fainali mtapandisha.

Zikikubaliana, kata plagi, chubua waya, na usichanganye chanya na hasi. Kama rangi za waya hazieleweki, chukua betri moja ya rimoti, ya volti 1.5, gusisha waya kwa nukta moja tu. Koni ikisogea mbele, waya ulioko upande wa chanya wa betri ndio chanya. Spika moja iliyofungwa kinyume inatosha kuharibu yote: besi inatoweka na sauti ya mtu inakosa mahali pa kukaa. Kwenye menyu ziandike Small, na mkato usiweke 80. Koni za inchi tatu hazifiki huko. Weka 150 au hata 200.

Sabufa ndipo penye shida. Ya hom thieta yako ni sanduku lenye koni na nyaya mbili, amplifaya yake ilikuwa ndani ya mashine iliyokufa. Risiva, kwa upande wa sabufa, inatoa ishara ndogo tu kupitia tundu moja la duara, ikitegemea kwamba sabufa ina umeme wake na amplifaya yake. Ukiunganisha hizo mbili hutasikia kitu. Ama utafute sabufa yenye plagi ya kwenda ukutani, ama fundi akufungie kiamplifaya cha pembeni kati yake. Usimruhusu mtu aifunge kwenye vituo vya spika za mbele pamoja na spika nyingine: omu zitashuka zaidi, na utanirudishia risiva.

Fundi, kwetu mabomu yanapasua masikio na mazungumzo hayasikiki. Kila dakika nashika rimoti, napandisha, nashusha. Watoto wanaamka. Filamu nyingi ni za flashi, zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Risiva ni nzuri, nimeambiwa. Tatizo nini?
*Mama Neema, Mwanza*

Pole sana, mama. Nianze na jambo ambalo nalikuta nyumba nyingi: una spika ya kati? Kama huna, nenda kwenye menyu ya spika, penye Center, uweke None. Menyu ikisema ipo wakati haipo, mazungumzo yanapelekwa kwenye nyaya ambazo hazijafungwa kitu, na unachosikia ni mabaki. Ukiweka None, yanarudi kwenye spika mbili za mbele na filamu inabadilika palepale.

Kama ipo, itoe ndani ya kabati. Isogeze hadi ukingoni mwa rafu, uielekeze kwenye masikio ya mtu aliyekaa, si kwenye magoti. Kisha pandisha kiwango chake peke yake kwenye menyu, desibeli mbili au tatu. Usiku washa ile njia inayoitwa Night, au Dynamic Volume kwa Denon. Inashusha milipuko na kuinua minong'ono. Nimewasikia wapenda muziki wakiidharau. Mwenye watoto wanaolala chumba cha pili asiwasikilize.

Flashi zilizotafsiriwa ni habari nyingine. Sauti yake kwa kawaida ni ya njia mbili tu, na sauti ya mtafsiri imelazwa juu ya filamu ambayo tayari ilikuwa imeshachanganywa, kwa hiyo huwezi kumtenga yeye na risasi. Ila unaweza kusaidia. Wengi huweka All Channel Stereo ili spika zote zilie; hapo maneno yanatoka pande zote za chumba kwa wakati tofauti na kuchafuana. Weka Dolby Surround, au Pro Logic II kwa risiva za zamani. Hiyo inachukua sauti iliyo sawa kushoto na kulia, ambayo mara nyingi ndiyo ya mtafsiri, inaipeleka kwenye spika ya kati. Jaribu leo usiku uniandikie.

Bi Fundi, nauliza kuhusu Atmos, ile sauti inayotoka hata juu ya kichwa. Sebule yetu Malindi ni ya makuti, wazi upande mmoja. Muuzaji anataka kuniuzia spika zinazolala juu ya zile za mbele na kupiga sauti juu ili irudi chini. Ninunue?
*Msomaji, Malindi*

Hapana. Spika hizo zinategemea dari tambarare na ngumu, simiti au jipsamu, ili sauti igonge na kurudi kwenye kochi. Makuti yanaimeza, na mteremko wa paa unapeleka inayobaki kwingine. Kwa mazungumzo, paa lako ni zuri kuliko sebule nyingi ninazoziona Dar, mwangwi hauna pa kushika. Kinachotoroka upande ule wazi ni besi, kwa hiyo hela za Atmos zipeleke kwenye sabufa kubwa zaidi na uiweke kwenye kona yenye kuta. Ukitaka sauti ya juu kwelikweli, spika mbili ndogo zifungwe kwenye boriti, ziangalie chini, mbele kidogo ya mahali mnapokaa, na nyaya zake zipite ndani ya bomba la plastiki, mbali na makuti.